Zamu ya Mwenye Koti Jeupe

Gráinne alipomaliza kuimba, baa nzima ilipiga makofi. Wanamuziki wenzake walikuwa wamekuja kumzika mpiga fidla mzee, lakini tangu makaburini kazi yao ilikuwa kumteta yeye: mwimbaji wa matangazo ya siagi, eti naye nyota!

"Umeua, mpenzi!" mwimbaji mmoja mwenye koti jeupe alipaza sauti, midomo ikimeremeta rangi. Huyohuyo, mlangoni, ndiye aliyesema, "Sauti hana. Ana bahati tu."

Gráinne alikuwa amemsikia. Alimkodolea macho mpaka tabasamu likamkauka. Mtu ambaye jukwaani hupanua mdomo tu, sauti iliyorekodiwa ikimwimbia!

Kwa desturi, aliyemaliza kuimba ndiye humtaja anayefuata, na msibani hakuna anayekataa. Mwenye koti jeupe aliinamia mkoba wake ghafla, akipekuapekua.

"Haya mwanangu," mjane wa marehemu aliuliza, "unamtaja nani?"

"Dada yangu huyu," Gráinne alinyoosha kidole. "Anatushinda sote."

Mjane alivuta kiti, akaushika mkono wa mwenye koti jeupe.

"Imba, mwanangu. Tunakusikiliza."