Sahani ya Siku ya Kuungana

"Ulijua, kaka. Ulijua kabisa, na bado ukala."

"Si wewe ndiye uliyenisukumia sahani? Ukasema umeshiba."

"Nilikuhurumia. Ulikuwa unalialia njaa kama mtoto."

Shomari akakwepa macho ya dada yake, Kidawa. Njaa ikizidi, mtaa mzima huungana kuwa mwili mmoja. Walioshiba huwa mbegu, upepo ukawabeba kwenda kwenye mvua. Wenye matumbo matupu huwa bua la kuwanyanyua juu, na bua hukauka papo hapo. Ndiyo maana siku hiyo kila mtu hula peke yake, mlango umefungwa. Kidawa hakufunga wake.

Nje majirani walishaanza kushikana, ngozi zao zikinatana kama ugali wa moto.

"Tukaseme ni mimi ambaye sijala," alisema Shomari, lakini miguu yake haikusogea.

"Kinachopimwa ni tumbo, kaka, si maneno."

Akamtazama, akasubiri kidogo.

"Una dagaa kidevuni, jifute," Kidawa akasema. Kisha akageuka, akaenda kusimama na wale wa chini, wa bua.