Soma Chochote, Usisome Sheria

"Oxford hapana," alisema Jago Nancarrow, akaendelea kukata mkate. "Watu wa kule hata chakula wanakiombea kwa Kilatini."

"Baba, siendi kula. Nakwenda kusoma."

"Cambridge nayo ni kinamasi. Utarudi na kifua kibovu."

Morwenna alishusha pumzi. Ilikuwa mwaka 1981, na katika shule yao ya Skipton yeye ndiye msichana wa kwanza ambaye walimu walimtaja pamoja na vyuo vile bila kucheka. Alitaka sheria, na alitaka kuisomea mahali penye jina. Ada haikuwa kikwazo, maana serikali ilikuwa inalipa. Kikwazo kilikuwa kimekaa mbele yake, kinapaka siagi.

"Haya, London."

"Moshi na wezi."

"Bristol?"

Kisu kikasimama. "Bristol ndiyo hapana kabisa. Huko ni karibu na kwetu."

"Kwetu wapi, Baba? Hujanipeleka hata siku moja."

Jago akainuka kwenda kuosha vikombe. Ndivyo alivyokuwa: neno likimshinda, huosha vikombe, hata vilivyo safi.

Jumamosi moja Mwalimu Ackroyd, aliyemfundisha Morwenna historia, alikwenda mwenyewe kwenye duka la Nancarrow kumwombea. Jago alimsikiliza kwa adabu, katikati ya misumari na makopo ya rangi, mpaka mwalimu akaishiwa.

"Mtoto ana kichwa, sikatai," akasema. "Basi mpelekeni akasomee meno. Meno hayana kesi."

Mwalimu Ackroyd alicheka peke yake. Nje, akamshika Morwenna bega. "Mvumilie. Mwanamume aliyelea mtoto peke yake hupata hofu za ajabu."

"Si hofu, Mwalimu. Anataka nibaki pale nipime misumari mpaka nizeeke."

Aliyasema hayo huku machozi yakimlenga, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mama yake alikufa kwa kichomi yeye akiwa bado ananyonya. Hayo tu ndiyo aliyoambiwa, na nyumba nzima haikuwa na picha hata moja. Tangu apate akili ni yeye na baba. Nayo mapenzi ya baba yalikuwa kama koti lililolowa: huwezi kusema si koti, lakini linakuelemea.

Akaacha kuomba ruhusa. Alipeleka maombi yake kimyakimya, akapanda basi peke yake kwenda kwenye usaili, na Durham walipomkubali, naye akakubali. Baba aliambiwa jioni, mezani, mambo yakiwa yamekwisha.

"Umekubali bila kuniambia?"

"Ningekuambia ungesema nini? Kwamba kuna baridi?"

"Kuna mto. Umeuzunguka mji mzima kama nyoka."

"Mto!" Morwenna akapiga meza, vijiko vikaruka. "Nimechoka, Baba! Kila chuo una kasoro yake mfukoni. Kuna chuo gani duniani kinachokufaa wewe?"

"Chochote." Sauti ya Jago ilikuwa imeshuka. "Soma chochote, Wenna. Soma nyota. Usisome sheria."

"Kwa nini? Nipe sababu moja tu, ya mtu mzima."

"Wanasheria wanafukua makaburi ya watu wasiowajua. Wakishamaliza, wanakwenda kunywa chai."

"Hiyo si sababu, hayo ni mafumbo! Mama angekuwa hai angenielewa."

Jago alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi gizani. Kisha akakusanya vikombe. Aliviosha muda mrefu sana, na Morwenna, kwa ukaidi, hakwenda kumsaidia.

Walinuniana kiangazi chote. Siku ya safari Jago alimpeleka stesheni, akambebea sanduku hadi ndani ya behewa, akapanga na kupangua mahali pa kuliweka. Filimbi ikalia, hajashuka.

"Ukisikia jambo huko," akasema, "jambo lolote, nipigie mimi kwanza. Kabla hujalala. Umenisikia?"

"Baba, nakwenda kusoma, siendi vitani."

Treni ilipoondoka, Morwenna hakugeuka kumpungia. Kwa mara ya kwanza mwaka ule alihisi anapumua.

Somo la kwanza lilikuwa la sheria ya jinai. Profesa Whitcombe, mzee mwembamba mwenye chaki kwenye kila mfuko, hakusalimia mtu.

"Mtu na mkewe wanatembea juu ya ukuta wa bandari, siku ya dhoruba," alianza. "Wimbi linamzoa mke. Mume ni mwogeleaji hodari, kijiji kizima kinajua. Lakini hamfuati. Anasimama palepale, mtoto wao mchanga kifuani, anapiga kelele za kuomba msaada mpaka mke anazama. Je, ana hatia?"

Mkono mmoja tu uliinuka, wa Morwenna. Hakugombana mwaka mzima ili aje akae kimya.

"Ana hatia," alisema Morwenna. "Mume ana wajibu kwa mkewe."

"Na mtoto?"

"Angemlaza chini."

"Juu ya ukuta, kwenye upepo ule?"

"Angemlaza chini, akaruka. Mtoto ni kisingizio tu, Profesa. Yule mtu aliogopa maji."

Wanafunzi waligonga madawati kumpongeza, na Morwenna akaona uso wake unapata moto kwa furaha.

"Safi sana," Profesa Whitcombe alisema, akitafuta chaki. "Baraza la wazee wa mahakama lililomtia hatiani lilisema karibu maneno hayohayo. Basi tuanze. Andikeni jina la kesi."

Akawageuzia mgongo, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: *Malkia dhidi ya Nancarrow*.