Malengelenge ya Verna

Alhamisi ya tatu mfululizo, Verna alirudi nyumbani na malengelenge miguuni.

"Ulikuwa wapi?" mumewe alimuuliza.

"Kwa dada, Pasadena."

"Ulikwenda kwa miguu?"

Verna akacheka, akatumbukiza nyayo kwenye beseni la maji ya chumvi. Orville Tasker hakucheka. Mwanamke aliyeacha dansi tangu walipooana, miaka sita sasa, malengelenge kayatoa wapi? Akaenda kupekua sanduku lake. Vile viatu vyake vya zamani, vyenye vibati chini ya soli, havikuwamo.

Basi anacheza na mtu. Na mtu mwenyewe ni nani kama si Dexter Lund? Dexter na Orville walikuwa kwenye filamu moja ya nyimbo na vichekesho, wakimgombea binti wa tajiri, wote wawili wamevaa sare: suruali nyeupe na viatu vya rangi mbili. Dexter alikuwa na vishimo mashavuni, na wiki iliyopita alimfungulia Verna mlango wa gari. Orville aliona kwa macho yake mwenyewe!

Faraja yake ilikuwa moja tu. Pale studio, mlio wa miguu hurekodiwa baadaye: mchezaji anajitazama kwenye skrini, anagonga upya hatua zake. Dexter alirudishwa mara thelathini. Orville mara moja tu, na Mabry, fundi wa sauti, akamwambia, "Safi sana, Bwana Tasker! Nenda kapumzike."

"Mara thelathini!" Orville alimkebehi Dexter kwenye chumba cha vipodozi, watu wote wakisikia. "Miguu hiyo ya kuchezea au ya kupondea viazi?"

Dexter aliendelea kujipaka poda. "Ringa tu, ndugu yangu. Ila una bahati ya mke, wewe."

"Mke wangu anaingiaje hapo?"

Dexter akageukia kioo, akaongeza poda. Orville nusura amrukie.

Alhamisi ya nne alimfuata Verna. Teksi haikwenda Pasadena ng'o. Ilipinda, ikaingia lango la studio. Jamani! Kazini kwake mwenyewe, mchana kweupe! Orville akakunja mikono ya shati, akaufuata mlio wa vibati mpaka chumba cha sauti. Leo ni leo. Akausukuma mlango, ngumi tayari.

Dexter hakuwamo. Alikuwamo Verna peke yake juu ya ubao, jasho likimtiririka, macho kwenye skrini, na Mabry nyuma ya kioo. Kwenye skrini ilionekana miguu tu, yenye suruali nyeupe na viatu vya rangi mbili, na kila kiatu kilipogusa sakafu, vibati vya Verna ndivyo vilivyolia.

Orville alishusha pumzi. Kisha kicheko kikambana mbavu. Kumbe! Mara thelathini zote zile, na bado Dexter ameazimiwa miguu ya mwanamke! Kesho studio nzima itajua.

"Maskini weee," akanong'ona pale mlangoni. "Nyani haoni kundule."

Kwenye skrini kamera ikaanza kupanda polepole: magoti, mkanda, tai. Verna akagonga pigo la mwisho. Na kule juu, akitabasamu meno yote nje, alikuwa Orville Tasker.