Shilingi Ipande Iende Wapi?

Siku Mwalimu Nakhungu alipokubali kodi ya nyumba ipande maradufu, majirani zake wa mtaa wa Migosi walimnyima chumvi. Si jirani mmoja, ni ploti nzima ya vyumba vya kupanga.

Chanzo kilikuwa dola. Mwaka ule wa 1993 shilingi yetu ilikuwa imeanguka kifudifudi, na Mzee Dalmas, mwenye ploti, aliyeuza saruji pale Mamboleo, alikuja mwisho wa mwezi na kipande cha chaki. Akawapigia wapangaji hesabu kwenye geti. Dola ilikuwa shilingi arobaini, sasa ni themanini. Imeongezeka arobaini juu ya arobaini, yaani asilimia mia. Basi kodi nayo itapanda asilimia mia, kutoka elfu moja hadi elfu mbili, na asiyetaka afunge virago. Mzee alizipenda asilimia kama wengine wanavyopenda samaki mbuta wa kukaanga.

Beldina, aliyeuza samaki barabarani na kulea watoto wanne katika chumba kimoja, alilia waziwazi. Mwalimu Nakhungu ndiye waliyemchagua awasemee, kwa sababu alifundisha biashara sekondari, na alikubali haraka mno. Aliomba jambo moja tu.

"Dola ikipanda, kodi ipande kwa asilimia hiyo hiyo, Mzee. Lakini shilingi ikipanda, kodi ishuke kwa asilimia ambayo shilingi imepanda."

Mzee Dalmas alicheka mpaka akashika geti. "Shilingi ipande iende wapi, Mwalimu? Hiyo nakupatia bure."

Na kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa, aliyafunga makubaliano kwa maombi. Aliwainamisha wote vichwa, akayarudia maneno ya Mwalimu mbele za Mungu, akaongeza kwamba atakayebadilisha hata neno moja, mkono wake ukauke. Wapangaji waliitikia amina kwa uchungu.

Mwaka ukapita vibaya. Beldina alimwita Mwalimu msaliti mbele ya watu. Mwalimu naye alibanwa. Aliuza cherehani, akauza na kitanda cha wageni, lakini redio hakuiuza. Kila jioni alisikiliza taarifa ya habari hadi mwisho, hata pale wengine walipokwisha kuchoka na siasa. Ilimuuma sana kupita milangoni bila kusalimiwa.

Kisha shilingi ikajikokota, ikasimama, ikaanza kupanda. Mzee Dalmas alikuja mwenyewe, uso umemkunjuka, maana alipenda kuonekana mwema. Dola imerudi arobaini, akatangaza. Imeshuka nusu, basi kodi inarudi elfu moja. Wapangaji walipiga makofi, na Beldina akaanza kufungua fundo la leso alimofungia pesa ya kodi.

"Asante, Mzee," Mwalimu akasema. "Lakini kushuka kwa kodi tulikuombea kupanda kwa shilingi, si kushuka kwa dola. Mwaka jana shilingi themanini zilinunua dola ngapi?"

"Moja."

"Na leo?"

"Mbili."

"Kutoka moja hadi mbili, hiyo ni kupanda asilimia ngapi?"

Kwa swali la asilimia, Mzee hakuweza kujizuia. "Mia," akajibu kwa sauti kubwa, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo.

Beldina, aliyekuwa akivutana bei na wateja kutwa nzima, ndiye aliyemaliza hesabu kwanza: basi kodi nayo ishuke asilimia mia. Alilifunga tena fundo la leso, polepole, akaenda kusimama kando ya Mwalimu.

Mzee Dalmas aliutazama mkono wake wa kulia kwa muda mrefu, kama anayeuaga.

"Na dola ikipanda tena?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Tutaongeza, Mzee, vile vile tulivyoomba," Mwalimu akasema. "Hata asilimia mia, juu ya sifuri."