Mifuko Kumi na Miwili

Maji yalipita kwenye udongo wa jangwani kwa dakika nne na sekunde kumi. Kwenye udongo wa milimani, dakika nne na sekunde kumi. Ule wa bondeni, ambao ulipaswa kuyang'ang'ania maji kama bahili, nao vilevile.

Mpima udongo alirudia mara tatu. Mifuko kumi na miwili, kutoka pembe zote za bara, na yote inakunywa maji sawasawa.

Mkuu wa maabara aliyasoma majibu, akavua miwani. "Ramani ya udongo inachapishwa Ijumaa, mama. Watu watachimba visima kwa kuifuata. Na wewe ndiye uliyemdhamini mumeo apewe kazi ya kuukusanya."

Kweli, alimdhamini kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya kikao kizima. Miezi mitano sasa bwana yuko njiani, simu haipatikani, na salamu zake zinakuja na mifuko. Kumbe kachota shimo moja, akauchapa usingizi kwenye gesti fulani! Uvivu angemsamehe. Lakini kumfanya mjinga kazini kwake mwenyewe, hilo hapana.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa mdogo wake wa kike, mtaa wa tatu tu kutoka kwake. Tangu utotoni ndiye pekee aliyejua kumtuliza.

Mdogo mtu alikawia kufungua. "Dada! Mbona hukupiga simu?"

"Shemeji yako kaniumbua, mdogo wangu. Kaniumbua mchana kweupe."

Akamweleza yote, kilio kikimkatiza kila neno. Mdogo wake alimkumbatia, akampapasa mgongo.

"Labda kachoka tu, dada. Safari zenyewe ndefu. Nyamaza kwanza, usimwambie mtu mpaka arudi."

"Nitanyamazaje, na sahihi ni yangu?" Aliinuka, akapenga kamasi. "Acha nikanawe uso."

"Kaa, nitakuletea maji hapahapa!"

"Mimi mgeni hapa?" Alikuwa ameshafungua mlango wa uani.

Kando ya bomba palikuwa na shimo jipya, koleo limelala pembeni, na mfuko mmoja uliokwisha kufungwa kwa kamba. Aliinama, akasoma kibandiko chake. Kilikuwa na mwandiko wa mumewe: Kituo cha kumi na tatu, nyika ya kaskazini. Chini yake palikuwa na tarehe ya kesho.