Sauti Iliyopigiwa Magoti

Amri ya kuondoka kambini ilikuwa imeshaandikwa kwa Kifaransa kwenye simu. Émerance alibakiwa na kazi moja tu: kubonyeza, ili itafsiriwe na kusomwa kwa Kizela, lugha ya kwao.

Aliijua sauti itakayotoka. Mwaka uliopita, kabla kifua kikuu hakijamuua, mama yake alikuwa akiisomea mashine ya kutafsiri iliyomo kwenye simu hiyo maneno ya kwao, akikohoa kila baada ya sentensi, mpaka ikajifunza kusema kama yeye.

"Kamateni sauti yangu," alisema. "Batu yetu basipotee huku mu Lubumbashi."

"Finya basi, madame," ofisa aliyeleta amri akamhimiza. Nyuma yake tingatinga lilikuwa likinguruma.

Akabonyeza.

Wanawake waliokimbia vita vya Mitwaba walikuwa wamesimama kati ya vibanda vya turubai. Sauti ilipotoka, wote wakapiga magoti vumbini. Wakapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kidogo kama bakuli, jinsi kwao wanavyompokea mzee anapoanza kusema. Wengi wao walikuwa wamelala chini kwenye matanga ya mama yake Émerance.

"Bomoeni vibanda," sauti ilisema, bila kikohozi. "Ondokeni leo."

Makofi yakaendelea mpaka maneno yakaisha. Ndipo bibi mmoja akajikokota kwa magoti hadi miguuni pa Émerance, akauinamia mkono ulioshika simu.

"Eyo, mama, tumesikia," akaiambia simu. "Sasa twende wapi?"

Akatega sikio, akangoja.