Tatu Mara Tatu

"Kubali tu kwamba umenakili, binti yangu, tuyamalize," alisema mwenyekiti wa kamati. "Tutakupa onyo. Shahada yako utabaki nayo."

Mtafiti alikuwa amesimama mbele ya ubao. Walimpa kiti, akakikataa.

Ugomvi wote ulitokana na namba moja. Mumewe, aliyefanya kazi chumba cha pili, alikokotoa jinsi chembe zilizomo ndani ya atomu zinavyogongana na kutawanyika, akapata tatu. Yeye alikokotoa mgongano kama huo, ila kwa nguvu ya mvutano, ile inayoangusha vitu chini. Akapata tisa. Kitabu cha mwenyekiti, ambacho wote mle ndani walikitumia masomoni, kilisema jibu la mgongano huo wa mvutano ni saba.

Kwa kamati, kesi ilikwisha hapo. Mke kachukua kazi ya mume, kaizidisha kwa yenyewe, kaivalisha nguo nyingine.

"Anayekosea mwenyewe hupata namba yoyote," mwenyekiti alisema. "Wewe umepata ya nyumbani kwako."

Mtafiti aliwageukia. Akawauliza mbona mumewe hakuitwa, maana huenda yeye ndiye aliyeiba tisa akaipunguza. Mjumbe mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, alijifanya anakohoa ili kuficha kicheko.

"Sijanakili kwa mtu," mtafiti alisema. "Kama kuna aliyenakili ni maumbile yenyewe. Mvutano ni nguvu ile ile ya mume wangu, imezidishwa kwa yenyewe. Shahada chukueni. Namba yangu siifuti."

Miaka yake yote ya kusoma ilikuwa kwenye sentensi hiyo, na aliogopa kweli. Lakini hakuirudisha.

Mwenyekiti aliinuka kwa hasira, akanyakua chaki. Angemwonyesha saba inavyopatikana kwa njia ndefu ya zamani, bila atomu wala mume wa mtu. Alijaza ubao, akafuta, akajaza tena, hadi koti lake likawa jeupe kwa vumbi. Vipande virefu vya hesabu vilianza kufutana vyenyewe, kimoja baada ya kingine. Mkono ukapunguza mwendo. Chini kabisa ya ubao akaandika jibu, akabaki analitazama.

Alikuwa ameandika tisa.

Yule mama alivua miwani, akaifuta taratibu kwa upindo wa blauzi.

"Na wewe, Profesa," aliuliza, "umenakili kwa nani?"